John Finnis: mwanasheria au mwanateolojia? Naomba mwongozo wa semina ya falsafa ya sheria

mtetezi_mdogo

Wakuu, habari za jioni.

Nimepangiwa kuwasilisha kwenye semina ya falsafa ya sheria, mwaka wa tatu. Mada ni maisha ya kitaaluma ya Padre John Finnis wa Oxford. Kurasa kumi na mbili, dakika ishirini za kuongea, kisha maswali. Hoja niliyoiweka kwenye rasimu ni kwamba nadharia yake ya sheria ya asili (kwamba zipo kanuni za haki ambazo akili ya binadamu inaweza kuzijua na ambazo sheria za nchi hupimwa kwazo) ni mafundisho ya Kanisa Katoliki yaliyovikwa joho la sheria, na ndiyo maana anashikilia kuwa sheria dhalimu si sheria.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, mtiririko sahihi wa kazi yake. Pili, kitabu chake kikubwa, Natural Law and Natural Rights, nianzie wapi? Nikianza ukurasa wa kwanza nakwama sura ya kwanza. Tatu, je, kuna chochote kinachomuunganisha na Afrika, au nisilazimishe?

Nawasilisha.

Kifungu_Kidogo

Mkuu, kabla ya yote futa hilo neno "Padre". Finnis ni mlei mwenye mke na watoto. Kosa lenyewe la neno moja, lakini darasa likishasikia "Padre" litasikiliza yote yanayofuata kama mahubiri, na profesa wako atajua hujafungua hata ukurasa wa wasifu.

Sasa mtiririko. Alizaliwa Adelaide, Australia Kusini, tarehe 28 Julai 1940, na shahada ya sheria aliipata Chuo Kikuu cha Adelaide. Mwaka 1962 ufadhili wa Rhodes ukampeleka University College, Oxford, na mwaka huohuo akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Udaktari aliupata 1965, na hapa ndipo pa kutulia kidogo: tasnifu yake haikuwa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, wala ya maadili. Ilihusu dhana ya mamlaka ya mahakama, kwa kuangalia hasa sheria ya katiba ya shirikisho la Australia. Katiba ile, kifungu cha 71, inaikabidhi mahakama "mamlaka ya kimahakama" bila kueleza mamlaka hayo ni nini. Je, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi inaweza kupewa kazi ya kuadhibu? Je, jaji anaweza kupewa kazi ya kutunga kanuni? Swali la namna hiyo ni la mwanasheria wa katiba aliyekaa na hukumu mezani. Msimamizi wake alikuwa H.L.A. Hart, mpozitivisti mkubwa kuliko wote wa Uingereza wakati ule, yaani mtu anayeshikilia kwamba sheria kuwa sheria hakutegemei kama ni njema kimaadili.

Baada ya hapo alifundisha mwaka mmoja Berkeley, California, akarudi University College mwaka 1966 kama mwalimu wa kudumu na kubaki Oxford mpaka alipostaafu 2010. Katikati: aliitwa kwenye uwakili kupitia Gray's Inn mwaka 1970, toka 1972 hadi 1989 alishika nafasi ya Rhodes ya kufundisha sheria za Jumuiya ya Madola na Marekani, toka 1989 akawa profesa wa sheria na falsafa ya sheria. Akachaguliwa kuwa mwanachama wa British Academy mwaka 1990. Kuanzia 1995 alifundisha pia Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani. Mwaka 2017 alipewa hadhi ya heshima ya Queen's Counsel.

Kitabu kilitoka 1980. Kazi zake za Vatikani ni za baada ya hapo: Tume ya Kimataifa ya Teolojia alianza kuitumikia 1986, Baraza la Kipapa la Haki na Amani 1990 hadi 1995, Taasisi ya Kipapa ya Maisha toka 2001. Panga tarehe hizi kwa safu mbili, moja ya sheria na moja ya Kanisa, ndipo utaona rasimu yako inavyoyumba. Lakini usije ukageukia upande wa pili ukasema imani ilikuja baadaye. Alikuwa Mkatoliki miaka kumi na minane kabla ya kitabu. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba aliingia kwenye fani kwa mlango wa sheria ya katiba, na aliyemwagiza aandike kitabu hicho ni Hart mwenyewe, mhariri wa mfululizo wa Clarendon Law Series. Mpozitivisti alikwenda kwa mwanafunzi wake akamwomba aandike juu ya sheria ya asili. Swali zuri la semina ni kwa nini Hart alikitaka kitabu hicho.

Na jibu lake lipo kwa Hart. Mwaka 1961 alikuwa ameandika kwamba sheria yoyote itakayodumu lazima iwe na kiini kidogo cha sheria ya asili, kwa sababu binadamu ni dhaifu wa mwili, wanakaribiana nguvu, na mali haiwatoshi. Alikuwa ameufungua mlango kidogo. Finnis aliusukuma.

Ng'ambo_ya_Shire

Kuhusu Afrika, huna haja ya kulazimisha. Kuanzia 1976 hadi 1978 Finnis alikuwa profesa wa sheria Chuo Kikuu cha Malawi, pale Chancellor College, Zomba, na sehemu kubwa ya kitabu aliiandika huko. Weka hilo kwenye utangulizi kwa sentensi moja au mbili, usizidishe. Haimaanishi kwamba kitabu kinazungumzia Malawi.

Kinachotugusa zaidi ni makala yake ya 1973, "Revolutions and Continuity of Law", na wengi wanaipita. Swali lake ni hili: serikali ikipinduliwa na katiba ikatupwa, sheria za zamani zinakuwa nini? Hans Kelsen, mwanafalsafa wa sheria kutoka Austria, alijibu kwamba katiba ya kwanza ikianguka, mfumo mzima wa sheria unaanguka nayo, na kila sheria inayoendelea kutumika imezaliwa upya kwa idhini ya kimyakimya ya watawala wapya. Jibu hilo lilipendwa sana na majaji waliojikuta na serikali mpya mlangoni. Pakistan walilitumia 1958 katika shauri la Dosso. Na Uganda, mwaka 1966, Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake walilitumia katika shauri la Matovu, baada ya Obote kuiondoa Katiba ya 1962: mapinduzi yamefaulu, watu wanatii, basi katiba mpya ni halali.

Finnis anasema hapo pana kasoro ya kimantiki na ya kibinadamu. Sheria iliyotungwa kihalali inabaki halali mpaka iishe kwa masharti yake yenyewe au ifutwe kwa utaratibu uliopo wakati wa kuifuta. Chukua hati ya shamba iliyosajiliwa mwaka 1960, au cheti cha ndoa cha mwaka huo. Kwa hesabu ya Kelsen, asubuhi baada ya mapinduzi mwenye shamba ana umiliki mpya aliopewa na mkuu wa majeshi, hata kama mkuu huyo hajui kama shamba lipo. Kwa Finnis, umiliki ni uleule, kwa sababu jamii ni ileile: watu walewale, ahadi zilezile, deni lilelile kwa muuza mbolea. Mfumo wa sheria unapata utambulisho wake kutoka kwa jamii inayoendelea kuishi, si kutoka kwa kanuni moja ya juu kabisa.

Kwa uwasilishaji wako hii ni hazina. Umeshasoma Matovu kwenye sheria ya katiba, darasa linaijua, na makala yenyewe haina aya hata moja inayohitaji mtu aamini Mungu. Ni kazi ya 1973, miaka saba kabla ya kitabu.

Joho_na_Kalamu

Nijibu lile la kitabu, kwa sababu watu wengi wanakwama palepale unapokwama wewe.

Kitabu kina sura 13. Mbili za kwanza ni za mbinu na za kujibu wapinzani. Sura ya III mpaka XII ndiyo nadharia yenyewe. Ya XIII, ya mwisho kabisa, ndiyo ya Mungu. Mpangilio huo ni hoja yenyewe: anasema wazi mapema kwamba kanuni za sheria ya asili zinaweza kueleweka, kukubaliwa na kutumika bila kuanza na swali la kuwapo kwa Mungu, halafu anangoja mpaka mwisho kuuliza ni nini kinachobeba yote haya.

Soma kwa mpangilio huu: III, IV, V, kisha rudi I, kisha X, XI, XII, halafu VIII, halafu II, na XIII mwisho. Sura ya I inakwamisha kwa sababu inajibu swali ambalo bado hujaliuliza.

Sura ya III inachukua jambo moja tu, maarifa, na kuuliza: je, kujua ni bora kuliko kutojua? Hathibitishi kwa kusema binadamu wote wana hamu ya kujua, kwa hiyo kujua ni kwema. Angefanya hivyo angekuwa ameruka kutoka "ndivyo ilivyo" kwenda "ndivyo inavyopaswa", na mwanafalsafa Hume, aliyeonya juu ya mruko huo, angemkamata. Anasema ni jambo la dhahiri kwa mwenye akili aliyewahi kuuliza swali na kupata jibu. Kisha III.6 anamgeukia anayebisha: wewe unayesimama kudai kwamba ukweli hauna thamani yoyote, unatuambia hilo kwa sababu unaona ni kweli na lafaa tulijue. Umejipinga kwa kitendo chako cha kusema. Hoja hii isome polepole mara tatu. Ikuelee vizuri, maana ndipo maswali ya darasa yatakapoanzia.

Sura ya IV inataja mema ya msingi saba: maisha, maarifa, mchezo, kuonja uzuri, urafiki na ushirika, busara ya kutenda, na dini. Kosa la kawaida la wanafunzi ni kuyapanga kwa ngazi, maisha juu na mchezo chini, au dini juu ya yote. Finnis anakataa. Kila moja ni la msingi, hakuna linalogeuzwa kuwa njia tu ya kufikia jingine, na hayana mzani mmoja wa kuyapimia. Hapo ndipo anapoachana na wale wanaopima kila kitendo kwa jumla ya faida. Kosa la pili ni kudhani mema haya ni kanuni za maadili. Bado. Mwizi wa vitabu naye anafuata jema la maarifa. Maadili yanaingia sura ya V, kwenye masharti tisa ya busara ya kutenda: kuwa na mpango wa maisha unaoshikamana, kutopendelea mema fulani ovyo, kutopendelea watu ovyo, kutoning'inia kwenye mradi mmoja kana kwamba dunia itaisha ukishindikana, kutokata tamaa kirahisi, kutumia njia zenye tija, kuheshimu kila jema la msingi katika kila tendo, kujali manufaa ya wote, kufuata dhamiri.

Katika orodha ya saba, "dini" ndiyo itakayokupa shida. Anamaanisha nini? Si Ukatoliki. Anamaanisha jema la kuwa sawasawa na asili ya vitu vyote, iwayo yoyote ile. Hata anayekataa kuwapo kwa Mungu anaona ni muhimu asikosee katika kukataa kwake. (Angalizo: katika maandishi ya baadaye, ndoa imeingia kwenye orodha kama jema la msingi linalojitegemea. Ukisema "saba" taja kwamba ni saba za 1980.)

Ukirudi sura ya I sasa utaona anachofanya. Ukitaka kueleza "sheria" ni nini, huwezi kukusanya kila kitu kilichowahi kuitwa sheria na kutafuta kinachofanana, utabaki na karibu hakuna kitu. Unachagua mfano kiini, ule uliokamilika, halafu unaieleza mingine kama mifano iliyopungua. Mbinu hii ni ya Aristoteli. Lakini mfano kiini unauchagua kwa jicho la nani? Hart alishasema: kwa jicho la mtu wa ndani, anayeichukua sheria kama sababu ya kutenda, siyo mtazamaji wa nje anayehesabu tabia za watu. Finnis anamuuliza mwalimu wake: mtu wa ndani yupi? Yupo anayetii kwa mazoea, yupo anayetii kwa mshahara, yupo anayetii kwa sababu anaona sheria inafaa kwa haki na manufaa ya wote. Ukimchukua huyu wa tatu kuwa kiini, wa kwanza na wa pili unawaelewa pia. Ukimchukua wa mshahara, wa tatu humwelewi kabisa. Hoja nzima ya kitabu imebebwa na hatua hiyo moja, nayo ni hoja dhidi ya Hart kwa vifaa vya Hart.

Sura ya VIII ina raha yake kwa sisi tunaoongea Kiswahili. Finnis anafuatilia neno la Kilatini "ius": kwa Akwino ni kile kilicho haki, kitu chenyewe anachostahili mwenzako, kufika kwa Suárez na Grotius, waandishi wa karne za baadaye, limekuwa uwezo au mamlaka aliyonayo mtu, "haki yangu". Kwake ni jambo lilelile likitazamwa toka pande mbili, upande wa anayedaiwa na upande wa anayedai. Kwa Kiingereza linahitaji maelezo, kwa sababu huko ni maneno mawili, "justice" na "right". Sisi tunasema "tenda haki" na "nipe haki yangu" kwa neno moja, bila kuchanganyikiwa. Ukilitumia hilo dakika ya kumi ya uwasilishaji, darasa lote litakuelewa.

Kama maktaba haina kitabu: Finnis mwenyewe ndiye aliyeandika makala ya nadharia za sheria ya asili kwenye ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford, ipo mtandaoni bure. Kitabu ukikipata, tafuta toleo la pili la 2011. Maandishi ya 1980 hayakuandikwa upya. Ameongeza maelezo marefu mwishoni akijibu wakosoaji na kusahihisha pale alipoona pamelegea.

mtetezi_mdogo

Shukrani sana wakuu, "Padre" nimeshafuta. Nimeanza na sura ya III kama nilivyoelekezwa.

Imebaki hii ya sheria dhalimu. Mhadhiri alisema kwa wanasheria wa asili sheria isiyo ya haki ni batili, basi. Na kwenye sura ya XII sioni Finnis akisema hivyo waziwazi. Niandike nini?

Kifungu_Kidogo

Huoni kwa sababu hasemi hivyo. Na anaanza sura kwa kusema kwamba jambo hili ni la pembeni katika nadharia ya sheria ya asili. Kiini chake ni kueleza kwa nini tunahitaji sheria na mamlaka kabisa.

Tenganisha maswali manne, maana neno "wajibu" limebeba maana nne. Nikikaidi, nitaadhibiwa? Je, mahakama italihesabu kuwa ni sheria? Je, kwa sababu tu ni sheria, inanifunga kimaadili? Na kama hainifungi yenyewe, je, kuna sababu nyingine ya pembeni inayonitaka nitii? Sheria dhalimu inaweza kupata "ndiyo" kwenye maswali mawili ya kwanza na "hapana" kwenye la tatu. La nne ndilo linalosahaulika: nikiikaidi hadharani, na mfumo wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa haki, naweza kudhoofisha sheria nzuri zinazolinda wanyonge. Hapo naweza kuwa na wajibu wa kutii, lakini ni wajibu wa kulinda mfumo, si wa kuiheshimu sheria ile.

Ubaya wenyewe nao ni wa namna nne (XII.2). Mfano wa karibu: halmashauri inaweka ushuru kwenye mazao. Kama lengo ni kunufaisha kampuni ya diwani, ubaya uko kwenye nia. Kama halmashauri haina mamlaka ya kutoza ushuru ule, ubaya uko kwenye mamlaka. Kama haukutangazwa na mkulima anakutana nao kwenye kizuizi cha barabarani, ubaya uko kwenye utaratibu. Kama mwenye magunia matano analipa sawa na mwenye elfu tano, ubaya uko kwenye mgawanyo. Angalia: namna ya pili na ya tatu, mahakama zetu wenyewe zinaweza kuutengua ushuru ule kwa sheria ya kawaida, bila kutaja sheria ya asili. Kwa hiyo "sheria isiyo ya haki ni batili, basi" inafuta tofauti ambazo wakili anazihitaji kila siku.

Na ule msemo wa Kilatini, lex iniusta non est lex, "sheria dhalimu si sheria", je? Agostino alisema sheria isiyo ya haki haionekani kuwa sheria. Akwino alikuwa mwangalifu zaidi: sheria za namna hiyo ni ukatili kuliko kuwa sheria, na bado anaziita sheria. Finnis anauelewa msemo kama tunavyosema "dawa feki si dawa". Anayesema hivyo anajua fika kwamba kidonge kipo, kina jina, kinauzwa dukani. Anachokataa ni kwamba kinafanya kazi ya dawa.

Joho_na_Kalamu

Naongezea kitu hapo hapo, kwa sababu ndicho kinachobadilisha sura ya mtu huyu kuwa mwanasheria. Watu wanadhani sheria ya asili ina jibu la kila kitu. Finnis, akimfuata Akwino (X.7), anasema sheria nyingi sana haziwezi kutolewa kwenye akili kama jibu la hesabu. Nyingine ni hitimisho: usiue. Lakini nyingi ni uamuzi wa kuainisha, Kilatini determinatio, kama fundi aliyeagizwa nyumba: lazima iwe na mlango, mlango lazima upitishe mtu, lakini upana wa sentimita ngapi ni yeye anaamua.

Simama daraja la Rusumo. Dereva wa lori anayetoka Ngara anaendesha kushoto. Akiingia Rwanda anahamia kulia. Akili haimwambii upande gani ni wa haki. Inamwambia tu kwamba lazima pawe na upande mmoja kwa wote, la sivyo watu watakufa. Mamlaka yakishachagua, uchaguzi ule uliokuwa huru kabisa unamfunga kimaadili, kwa ajili ya wale wanaokuja mbele yake. Kwa hiyo kwa Finnis sheria ya binadamu ina uzito wake halisi. Sehemu hii wapozitivisti wenyewe hawaioni vibaya, na ndiyo maana wengi waliisoma kwa heshima.

Ng'ambo_ya_Shire

Usiwasilishe bila wakosoaji. Wawili wa aina tofauti wanatosha.

Wa kwanza ni Wakatoliki wenzake. Henry Veatch na Ralph McInerny walisema ameikata sheria ya asili kutoka kwenye asili yenyewe: kama mema ni ya dhahiri na hayatolewi kwenye maumbile ya binadamu, neno "asili" linafanya nini hapo? Russell Hittinger aliandika kitabu kizima cha kuikosoa shule hii mwaka 1987. Chanzo cha tafsiri hii ya Akwino ni mwanafalsafa Germain Grisez, kwa makala yake ya 1965 juu ya swali la 94, kifungu cha 2, katika Summa Theologiae ya Akwino. Finnis amekiri deni hilo wazi. Jibu lake lipo kwenye kitabu cha 1983, Fundamentals of Ethics: tunaujua uwezo wa kitu kwa matendo yake, na matendo kwa shabaha zake. Kwa hiyo ukitaka kuyajua maumbile ya binadamu lazima kwanza uelewe mema anayoyalenga. Katika kuwapo, mema yanategemea maumbile. Katika kujua, njia inaanzia kwenye mema. Ona ajabu ya rasimu yako ya kwanza: unamshtaki kwa kuwa na teolojia nyingi mno, na Wakatoliki wakubwa walimshtaki kwa kuwa na metafizikia kidogo mno.

Wa pili ni wale wanaopinga mahitimisho yake, hasa juu ya mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 1993 alitoa ushahidi wa kitaalamu Colorado katika shauri lililokuja kufika Mahakama Kuu ya Marekani kama Romer dhidi ya Evans, na kukawa na mabishano makali kati yake na mwanafalsafa Martha Nussbaum juu ya maandishi ya Wagiriki wa kale kuhusu suala hilo. Mwaka 2019 wanafunzi wa Oxford walisaini ombi azuiwe kufundisha. Chuo kilikataa kwa kusimamia uhuru wa kitaaluma. Lieleze kwa uaminifu, pande zote mbili, dakika mbili. Ukilificha, litaulizwa, na utaonekana umelificha.

Vilevile taja wanafunzi wake: Robert George wa Princeton, na Neil Gorsuch, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani toka 2017, aliyeandika tasnifu Oxford chini yake.

mtetezi_mdogo

Basi hoja yangu ya mwanzo niitupe yote?

Kifungu_Kidogo

Usiitupe. Ibane. "Nadharia yake ni teolojia" huwezi kuitetea, sura kumi na mbili zinakupinga. Lakini lipo sharti la saba la sura ya V: usichague kamwe kulidhuru moja kwa moja jema la msingi, hata kwa faida kubwa kiasi gani. Hapo ndipo panapozaliwa msimamo wake kwamba yapo matendo yasiyoruhusiwa katika hali yoyote. Mwaka 1987, pamoja na Grisez na Joseph Boyle, waliufuata mpaka mwisho wakasema hata kutishia kuangamiza miji kwa nyuklia ili kuzuia vita ni kosa, msimamo ambao serikali za Magharibi hazikuupenda hata kidogo. Uliza: je, sharti hili linatoka kwenye akili tupu, kwa sababu mema hayana mzani mmoja? Au linahitaji imani kwamba Mungu anashika yale tusiyoweza kuyaokoa sisi? Hilo ni swali gumu la kweli, na sura ya XIII inakupa pa kusimamia upande wowote utakaochagua.

Gawa dakika zako hivi: nne kwa mtiririko wa kazi, kuanzia tasnifu ya mamlaka ya mahakama, nne kwa makala ya 1973 na Matovu, sita kwa mema ya msingi na mfano kiini, nne kwa sharti la saba, mbili kwa mgogoro wa 2019. Sheria dhalimu usiiweke kwenye hotuba. Itaulizwa tu, na utakuwa na jibu tayari.

Na kwenye tanbihi, taja sura kwa namba ya Kirumi na sehemu yake, mfano XII.4 kwa ule msemo wa Kilatini, kabla ya namba ya ukurasa. Mwenye toleo la 1980 na mwenye la 2011 wote watapata.